JAA LA WOTE LISIWE MZIGO WA KIJIJI KIMOJA

Mwananchi huamka alfajiri, akafagia uwanja wake, akazoa takataka, akazitia katika ndoo au gunia na kuzipeleka nje ya mtaa. Akirudi ndani hunawa mikono na kusema: basi, kumekwisha. Lakini hakukwisha kitu. Kilichotoka uwanjani kwake kimekwenda kwa mwengine. Ikiwa si kwa jirani wa nyuma ya nyumba, basi ni kwa kijiji cha nyuma ya mji. Na ikiwa si huko, basi ni bondeni kwenye mpunga, au pwani kwenye mikoko, au baharini kunakotoka kitoweo chetu. Hilo ndilo jambo tunalotaka wananchi wa Pemba, na khasa wana wa chama, walizingatie wiki hii.

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakauliza: gazeti la chama, lenye kazi ya kupigania haki na heshima ya wananchi, lina shauri gani na majaa? Jawabu yetu ni nyepesi. Mwenye kuamua kuwa uchafu wa watu wote uwekwe pahala fulani, kwa miaka fulani, mlangoni kwa watu fulani, ameamua jambo la ardhi, la maji, la afya na la fedha kwa mara moja. Ikiwa hayo si mambo ya siasa, basi hatujui siasa ni nini.

Kisiwa chetu ni kidogo na watu wake wanaongezeka. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilitukuta Pemba tuko kiasi cha 406,000. Hesabu ya mwaka 2022 ikatukuta tumefika kiasi cha 543,000. Maana yake ni kuwa katika miaka kumi tumeongezeka kwa thuluthi nzima, na ardhi haikuongezeka hata pishi moja. Leo kila kilomita moja ya mraba ya kisiwa hiki inabeba watu zaidi ya 500, pamoja na mikarafuu yao, minazi yao, mihogo yao, mabonde yao ya mpunga, skuli zao, misikiti yao na makaburi ya wazee wao.

Na si watu tu walioongezeka, bali na taka zenyewe zimebadilika. Bibi zetu walitupa maganda ya muhogo, makumbi ya nazi, majivu na makuti. Vitu hivyo vilirudi katika udongo na udongo ukashukuru. Hivi leo kila chombo kinachotia nanga Mkoani au Wete kinashusha chupa za plastiki, makopo, betri, nepi za kutupa, matairi, simu na mafriji yaliyokwisha kutumika kwengine. Vinaingia kwa bahari na haviondoki. Kweli Zanzibar ilitangulia wengi katika Afrika ya Mashariki ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, wakati Bara hatua hiyo ilikuja mwaka 2019. Jambo hilo twajivunia. Lakini mfuko mmoja kuzuiwa mlangoni si sawa na nyumba kusafishwa.

Kazi ya kuzoa taka Pemba iko mikononi mwa mabaraza ya miji ya Wete, Chake Chake na Mkoani, na Halmashauri ya Wilaya ya Micheweni. Ikiwa kila mmoja atakwenda na njia yake, na magari yake machache, na pahala pake pa kutupia, basi tutakuwa na majaa manne mabovu badala ya pahala pamoja pazuri. Ndiyo maana gazeti hili linaunga mkono, bila ya kusita, shauri la kuwa Pemba nzima ishirikiane katika kituo kimoja cha kuhamishia taka. Lakini twaliunga mkono kwa sharti, na sharti hilo ndilo kiini cha maneno yetu ya leo: mpango wa matumizi ya kituo hicho, tangu siku ya kwanza mpaka siku ya mwisho, uandikwe na ukubaliwe hadharani kabla ya kigingi cha kwanza kupigwa ardhini.

Kwanza tufahamiane juu ya maneno. Kituo cha kuhamishia taka si jaa. Jaa ni pahala ambapo taka hufika zikakaa. Kituo ni pahala ambapo taka hufika asubuhi katika mikokoteni na magari madogo, zikapimwa, zikachambuliwa, kisha zikapakiwa katika magari makubwa na kuondoka. Cha kuoza huenda kwenye mboji. Chuma, chupa na karatasi huenda kwa wanunuzi. Kinachobaki, ambacho hakina faida kwa mtu, ndicho kinachokwenda kuzikwa katika shimo lililotayarishwa kwa kazi hiyo. Kituo kizuri ni kama bandari: shehena haikai. Siku shehena itakapoanza kulala pale, juma moja, kisha mwezi mmoja, kisha mwaka mmoja, ujue kituo kimekufa na jaa limezaliwa.

Sasa natufanye hesabu ndogo. Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya mwaka 2018, ilikadiria kuwa mtu mmoja katika nchi za Afrika kusini ya Sahara hutoa wastani wa kilo 0.46 za taka kwa siku. Kwa watu 543,000, hizo ni tani 250 kila siku. Msomaji wa shamba atasema kuwa hesabu hiyo ni kubwa mno kwetu, kwani maganda yake huliwa na mbuzi na majani yake huozea migombani. Ni kweli. Basi tuikate nusu, tuseme tani 125. Gari la tani saba litalazimika kwenda safari kumi na nane kwa siku, Ijumaa na sikukuu zikiwemo. Na lau watu wataendelea kuongezeka kama walivyoongezeka kati ya 2012 na 2022, basi mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa hesabu, atakapotimiza miaka ishirini, atakuta tani 125 zimepindukia 200, hata kama kila mtu hakuzidisha taka zake kwa kilo moja.

Lakini hesabu hiyo hiyo ina bishara njema. Katika nchi za kipato kidogo, zaidi ya nusu ya taka ni vyakula na majani, vitu vinavyooza. Tukivitenga nyumbani na sokoni, vikaenda kwenye mboji badala ya kwenda shimoni, zile safari kumi na nane zinashuka zikawa tisa, na shimo lililokadiriwa kudumu miaka kumi linaweza kukaribia ishirini. Na mboji si uchafu. Mkulima wa mboga na mwenye kuotesha miche ya mikarafuu wanaijua thamani yake, na wanajua bei ya mbolea ya dukani.

Kwa nini basi twahofu? Twahofu kwa sababu tumeona yaliyowapata wenzetu, na mwenye akili hujifunza kwa jirani yake.

Tazameni Dar es Salaam. Kwa miaka mingi taka za mji ule zilitupwa Tabata, katikati ya nyumba za watu, zikiungua usiku na mchana. Mwaka 1988 wakaazi wa Tabata walikwenda Mahkama Kuu wakaishitaki Halmashauri ya Jiji, wakashinda. Jaji Lugakingira aliamua kuwa watu wana haki ya kuishi bila ya kuvutishwa moshi wa sumu. Jiji likaomba muda, likaomba tena muda. Halafu taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani. Na watu wa Kunduchi nao, mwaka 1991, wakaenda mahkamani, nao wakashinda. Baadaye ikawa Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Hebu yatazameni majina hayo moja baada ya moja. Jaa lilikuwa likitembea mjini kama mgeni asiyetakiwa, likifukuzwa mlango huu likibisha mlango ule. Si kwamba watu wa Dar es Salaam walikosa wataalamu. Kilichokosekana ni makubaliano ya mapema na watu wa pahala panapohusika.

Tazameni Nairobi. Jaa la Dandora lilianza katika miaka ya 1970 katika shimo la machimbo ya mawe. Mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa. Likaendelea kupokea taka mwaka uliofuata, na uliofuata, na mingi baada yake. Mwaka 2007 shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilitoa uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na pale, na nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kupita kiasi kinachokubaliwa. Watoto wale hawakutupa betri hata moja. Walizaliwa karibu tu.

Na tazameni Kampala. Jaa la Kiteezi lilifunguliwa mwaka 1996. Lilijaa, likajulikana kuwa limejaa, na magari yakaendelea kupanda juu yake. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima ule wa taka uliporomoka juu ya nyumba za watu. Zaidi ya watu thalathini walikufa, watoto wakiwemo. Mwenyezi Mungu awape subira jamaa zao. Hatuyataji haya ili kuwacheka wenzetu wa Uganda. Twayataja kwa sababu neno "kwa muda" ndilo lililowaua wale. Kila mwaka ilisemwa kuwa ni kwa muda.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kiasi hicho. Ndugu zetu wa Unguja walitupa taka za mji Jumbi, na Jumbi ilipofungwa magari yakageuzwa kuelekea Kibele. Watu wa Wilaya ya Kati hawazalishi taka zote zinazopita barabarani kwao. Wazee wetu walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwenye kukaa mjini huona mzigo wa jaa ni mwepesi, kwa sababu hajapata kuulalia.

Ndiyo maana twasema kuwa Pemba ina bahati moja: bado tunaweza kupanga. Na mpango wenyewe, kwa rai yetu, haukosi kuwa na mambo matano.

Jambo la kwanza ni pahala penyewe. Kisiwa chetu hakifanani upande na upande. Magharibi ni vilima vya udongo na mabonde. Mashariki kuna nchi ya maweni, ambayo mawe yake yana matundu kama sifongo. Maji machafu yatokayo katika taka yakimwagwa juu ya maweni hayakai juu. Yanashuka, yanaingia katika maji ya visima, na hapana mtu atakayeyaona mpaka watoto waanze kuugua. Bondeni nako ni pa mpunga, na pwani ni pa mikoko, mwani na mazalio ya samaki. Kwa hivyo wapimaji wasiulize tu pahala gani ni pa rahisi au ni karibu na barabara. Waulize maji yanakwenda wapi. Sheria ya Mazingira ya Zanzibar, Nambari 3 ya mwaka 2015, imeweka utaratibu wa kutathmini athari kabla ya mradi. Sisi twataka tathmini hiyo isomwe mbele ya watu wa shehia inayohusika, kwa Kiswahili, na isiwe daftari la kufungiwa kabatini. Watu wanaokumbuka kipindupindu, kilichoanza kuingia Zanzibar mwaka 1978 na kurudi mara nyingi mpaka ile ya 2015 na 2016, hawahitaji kufundishwa thamani ya kisima safi.

Jambo la pili ni nini kiingie na nini kisiingie. Sindano, damu na bandeji za hospitali zisionekane katika kituo cha taka za majumbani. Hizo zina njia yake ya kuteketezwa huko huko zilikotoka. Betri, mafuta machafu ya magari na dawa za mashamba nazo ziwe na pahala pake mbali. Mizani iwekwe mlangoni, na kila gari liandikwe limetoka baraza gani na limebeba kiasi gani. Bila ya mizani hakuna hesabu, na bila ya hesabu hakuna haki, kwani kila baraza litadai kuwa mwenziwe ndiye aliyejaza.

Jambo la tatu ni nani mwenye kituo na nani mlipaji. Kitu cha wote mara nyingi huwa si cha mtu. Gari likiharibika, Wete watawatazama Chake, Chake watawatazama Mkoani, na wote watamtazama Micheweni, na taka zitalala. Basi iundwe bodi moja ya mabaraza yote manne. Kila moja lilipe kwa uzito wa taka lilizoleta. Na shehia iliyopokea kituo iwe na wajumbe wake ndani ya bodi wenye kura, wala si wa kuitwa siku ya kukata utepe. Sheria ya Ardhi Nambari 12 ya mwaka 1992 inasema kuwa ardhi ya Zanzibar ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Sawa. Lakini mikarafuu iliyo juu yake ina wenyewe, na jasho lililo ndani yake lina wenyewe. Anayeondolewa alipwe kwanza, alipwe kwa haki, na alipwe kabla ya tingatinga kufika.

Jambo la nne ni fungu la kijiji. Hatukubali kuwa watu wapewe harufu na wengine wapewe usafi, kisha waambiwe wavumilie kwa maslaha ya taifa. Kijiji kinachobeba mzigo wa kisiwa kizima kistahiki malipo ya kudumu kutokana na ada za kituo: maji ya mfereji, taa, barabara isiyopita vumbi la magari mlangoni mwa skuli, na nafasi za mwanzo za kazi kwa vijana wake, wake kwa waume. Na wale wanaochambua taka wapewe viatu, glovu, chanjo na mshahara unaojulikana. Kazi ya kusafisha nchi si kazi ya aibu. Aibu ni ya mwenye kuwaachia wenziwe waifanye kwa mikono mitupu.

Jambo la tano, na ndilo linalosahauliwa kila pahala, ni mwisho wake. Mpango useme tangu leo: kituo hiki kitafanya kazi miaka kadha, kikifika kiasi fulani cha tani kwa siku kitapanuliwa au kitafungwa, na kikifungwa ardhi itakuwa kitu fulani. Iwe ni msitu, iwe ni kiwanja cha vijana, iwe ni karakana ya mboji, lakini ijulikane, na fedha ya kazi hiyo ianze kuwekwa akiba tangu gari la kwanza. Mombasa walilitupia taka jaa la Kibarani, ukingoni mwa bahari, pahala ambapo kila mgeni anayeingia kisiwani alipokewa na moshi. Mwaka 2018 likafungwa na pakaanza kugeuzwa bustani. Twawapongeza. Lakini fikirini: lau bustani ile ingalipangwa kabla ya taka, bahari ya pale ingalinusurika mangapi?

Wapo watakaotujibu kuwa mambo haya ni ghali, na kuwa yafaa tungoje wafadhili. Twajibu kuwa mikopo ya kigeni tumeshaiona. Mradi wa huduma za miji ya Zanzibar, ulioanza mwaka 2011 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulizigusa pia Wete, Chake Chake na Mkoani. Hatuukatai msaada, wala hatukosi adabu kwa anayetusaidia. Lakini gari la mkopo huzeeka, na deni lake likabaki kwa wajukuu. Kinachodumu ni utaratibu wa watu wenyewe. Mfadhili anaweza kununua mizani. Hawezi kutununulia uaminifu wa kuandika uzito wa kweli.

Wapo pia wanaosubiri tajiri atakayekuja kuzichoma taka zetu zikatoa umeme. Twawaambia kwa upole kuwa taka za kwetu, ambazo nyingi ni maganda na mabaki ya chakula, zimejaa maji na haziungui vizuri. Kabla ya kumwota tajiri, tuchambue maganda.

Na wapo, tena ni wenzetu, wanaosema: kituo kijengwe, lakini si kwetu. Wa Wete wasema kiende Chake kwa kuwa ndiko katikati. Wa Chake wasema kiende Micheweni kwa kuwa kuna nafasi. Wa Micheweni wauliza kwa nini kila kisichotakiwa na wengine kipelekwe kwao. Swali hilo la watu wa Micheweni ni la haki, na gazeti hili laliunga mkono. Umasikini wa kijiji usifanywe sababu ya kukitupia uchafu. Pahala pachaguliwe kwa udongo na maji yake, si kwa unyonge wa wakaazi wake.

Tusidhani kuwa Wapemba hatuwezi kusikilizana katika jambo kama hili. Kumbukeni Misali. Kisiwa kile, ambacho wazee wanahadithia kuwa Nabii Khidhri alikifanya msala wake, katika miaka ya 1990 kilikuwa katika hatari ya kuwa mali ya hoteli. Wavuvi wanaokitegemea walisema hapana, wakasaidiwa na watu wenye elimu ya bahari, na mwaka 1998 Misali ikatangazwa kuwa hifadhi, na wavuvi wenyewe wakiwa na sauti katika uangalizi wake. Hakuna aliyewafundisha wale wavuvi neno "mpango". Walijua tu kuwa kitu cha wote huzungumzwa na wote.

Mwisho, natujitazame na sisi. Hatuwezi kuilaumu Serikali asubuhi na kutupa chupa mferejini jioni. Mwana wa chama anayekwenda mkutanoni kusema juu ya maendeleo, akaacha makopo na chupa za maji yametapakaa uwanjani baada ya mkutano, ametoa hotuba mbili, na ile ya pili ndiyo iliyosikika. Matawi yetu yaanze. Kila tawi liwe na ndoo mbili, ya kuoza na isiyooza. Kila tawi la jumuiya ya wanawake, ambao ndio wenye kuujua uchafu wa nyumba kuliko waziri yeyote, liandike jinsi taka za mtaa wake zinavyotoka na zinakokwenda. Kila tawi la vijana liende likaone kwa macho yake pahala ambapo gari la taka la wilaya yake linamwaga mzigo, kisha lirudi lieleze.

Kwa madiwani na Wawakilishi waliochaguliwa kwa kura za wananchi, tuna ombi moja lisilo na maneno mengi. Kikao kijacho cha bajeti, simameni muulize: mpango wa taka wa Pemba nzima uko wapi, umeandikwa na nani, na shehia gani imeulizwa? Mkipewa jawabu, ileteni kwa watu. Msipopewa, ulizeni tena. Na ndugu zetu wa Wete, Chake Chake, Mkoani na Micheweni, msingoje kuitwa. Lizungumzeni jambo hili barazani, msikitini baada ya sala, sokoni na katika vyombo vya kwenda Misali, ili siku wapimaji watakapokuja na kamba zao wakute wenye kisiwa wameshaamua wanachokitaka.